Kulwa Upande wa Pili wa Korongo

Ile picha niliyoituma kwenye kundi letu imeniletea maswali mengi kuliko nilivyotegemea. Wengi mmesifia mwamba mwekundu na kijia kilichobandikwa ubavuni mwake. Watatu mmeikuza picha mkaona mtu mdogo upande wa pili, kifua wazi, amesimama mbele ya ng'ombe, mkauliza ni nani. Nikajibu kwamba ni habari ndefu, nikanyamaza. Sikuwa na maana ya kuringa. Sikujua nianzie wapi.

Yule ni Kulwa, pacha wangu. Mimi ni Doto, kwa hiyo mlikuwa mnajua lazima kuna Kulwa mahali fulani, ila hamkuwahi kumwona. Hata mimi nilikuwa sijamwona kwa miaka minne.

Bariadi

Mwaka ule mvua zilipotususa, Kulwa aliwatoa ng'ombe wa baba zizini bila ruhusa akawapeleka malisho ya mbali. Alikuwa na hesabu yake: wakibaki watakufa, wakienda huenda wakapona. Wengi walifia njiani. Aliporudi na waliobaki, baba alimsubiri nje ya boma letu, majirani wakiwa wamesimama, akamwambia asikanyage tena pale. Kulwa alimpa fimbo yake ya kuchungia, akageuka. Mimi nilikuwa chuoni najifunza takwimu. Niliporudi likizo nilikuta kitanda chake kimeegemezwa ukutani, na hakuna aliyetaka kuniambia chochote mpaka nilipouliza mara ya tano.

Mwaka huu, pamba ikiwa imeshauzwa, mchuuzi mmoja wa ng'ombe alipita nyumbani akasema amemwona. Yuko mbele kabisa ya Mwandoya, kule ardhi inakoporomoka kuelekea ziwa la magadi. Anachunga ng'ombe wa watu na wachache wake, na nyasi zikiisha atavuka kwenda kusini, ambako hata wachuuzi hawafiki. Baba alisikiliza, akamshukuru. Siku ya tatu asubuhi aliniita uani. Alikuwa na kibuyu cha maji na unga wa mtama.

"Piga magoti."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu nimekwambia."

"Hilo siyo jibu."

"Doto," mama akasema kutoka jikoni, "goti halitaisha. Piga."

Nikapiga. Kwetu, mzazi akimtamkia mtoto neno baya, neno lile linamkaa mtoto mpaka mdomo uleule uliolitoa uliondoe. Mzazi anakoroga unga kwenye maji, anapiga funda, anampulizia mtoto kifuani, anasema yamekwisha. Nimeona wengine wakifanyiwa. Siku zote nimejiuliza kwa nini wasikae tu wakazungumza. Lakini hata kwa utaratibu wao wenyewe mtoto lazima awepo, na Kulwa hakuwepo.

"Wewe upo," baba akasema. "Pacha akipewa kitu, na mwenzake amepewa. Tumewalea hivyo."

Hilo ni kweli. Tulipokuwa wadogo Kulwa alipata homa, nami nikanyweshwa dawa chungu huku nikiwa mzima kabisa. Nililia siku nzima nikidai maelezo.

"Nikikupulizia wewe, nimempulizia na yeye. Kazi yako ni kumfikishia."

"Nimfikishie vipi?"

"Mguse."

Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Baba akautazama mguu wake wa kushoto, ambao haupandi gari tena. Lakini sote tulijua kwamba hata ungekuwa mzima asingekwenda, maana kwetu baba hamfuati mtoto. Akapiga funda. Yale maji ya unga yakanipata shingoni na kifuani, ya baridi, na baba akasema maneno yake kwa Kisukuma, taratibu, macho yakiwa juu ya kichwa changu kana kwamba nyuma yangu kuna mtu mrefu zaidi.

Mama alinifungia michembe kwenye mfuko, vile vipande vya viazi vitamu alivyovikausha juu ya paa. "Ya Kulwa," akasema. "Nakujua wewe. Usiile njiani."

Bariadi hadi Mwandoya

Nilipata nafasi mbele kwenye Fuso lililobeba magunia matupu ya pamba. Dereva aliponiuliza jina alipiga usukani kwa furaha.

"Doto? Mimi Shija!"

Kwa wasiotoka kwetu: Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha.

"Na nyumbani kwenu wapo Kulwa na Doto?" nikamuuliza.

"Wapo, na wananitesa toka nizaliwe. Wao walichinjiwa kondoo, mimi nikapewa jina tu. Mwenzako yuko wapi?"

"Ndiye ninayemfuata."

"Basi ukimwona mwambie Shija wa Fuso anamsalimia. Sisi tunaofuata nyuma tuna kazi kubwa ya kuwapatanisha."

Alikuwa na tabia ya kusimama kila kijiji. Hapa anashusha salamu, pale anapandisha kuku, mahali pengine anashuka kuangalia mtama wa mtu asiye hata ndugu yake. Karibu na Kisesa alikata kona akaingia kwa shangazi yake, tukawekewa ugali wa mtama na mlenda. Nikamwambia tunachelewa.

"Tunachelewa wapi? Una mkutano?"

"Kaka yangu anaweza kuhama."

"Na ng'ombe? Akihama na ng'ombe hatakimbia. Kula."

Shangazi yake alinitazama shingoni muda mrefu, akamuuliza Shija kitu kwa Kisukuma akidhani sisikii. Aliuliza kama mgeni huyu ametoka mashine ya kusaga au amekosana na wazazi. Shija akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Unga ulikuwa umekauka, unawasha, na ulikuwa umechora michirizi myeupe mpaka kwenye kola ya blauzi.

Tulifika Mwandoya jua limeinama. Kulikuwa na bomba karibu na soko. Nikalowesha kitambaa, nikajisugua shingo na kifua mpaka nikatakata. Nawaambia hili mapema ili mjue nilipofika kule nilikuwa na nini na sikuwa na nini.

Kijiji cha mwisho

Kesho yake pikipiki ilinifikisha kijiji cha mwisho kabla ya ardhi kukatika, mnamo saa tano asubuhi. Nje ya duka la dawa za mifugo wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye gogo, mmoja anashona makatambuga, yale makubazi ya tairi. Nilikuwa na haraka. Niliwaamkia kama tunavyoamkiana mjini, neno moja na mkono hewani, kisha nikatoa daftari langu, mnalijua, nikasema namtafuta Kulwa, kijana wa miaka ishirini na sita, anachunga ng'ombe kama sitini.

Mshona makatambuga alisimamisha sindano.

"Sitini. Umewahesabu?"

"Ni makadirio."

"Makadirio." Alilionja lile neno. "Makadirio ya nani?"

"Yangu."

"Na unayaandika humo?"

"Naandika kila kitu, baba."

Wakatazamana. "Kulwa hatumjui," akasema wa pili.

"Kulwa ni wengi," akasema wa tatu. "Hata beberu wangu anaitwa Kulwa."

Wakacheka, nami nikacheka nao, nikidhani mazungumzo yameanza. Kumbe ndiyo yalikuwa yamekwisha. Niliuliza kisimani, nikauliza kwa fundi baiskeli, nikauliza kwa mama anayeuza maandazi. Kila mahali nilitaja umri, urefu na ile sitini yangu, na kila mahali watu walikuwa na adabu nyingi na hawakujua lolote. Mchana nilikwenda kukaa kwenye kivuli cha darasa la shule ya msingi nikaandika kurasa tatu kuhusu watu wagumu.

Jioni mama mmoja alinikuta pale akaniuliza kama nitalala na vitabu. Anaitwa Mama Minza. Yeye na wifi yake Kabula hushuka bondeni kuchota chumvi kandokando ya ziwa, wakapanda nayo kichwani kuja kuuza. Alinipeleka kwake, akanipa maziwa mgando, akasubiri nimalize ndipo akauliza.

"Umetaja idadi?"

"Ndiyo."

"Ya ng'ombe wa mtu? Mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Ulilelewa wapi wewe, Ulaya?"

"Bariadi."

"Baba yako ana ng'ombe?"

"Anao."

"Wangapi?"

Nikafungua mdomo. Jamani, sikujua. Mtu mwenye shahada ya takwimu, nimekulia pembeni ya zizi lile, na sikuwahi kusikia idadi ya ng'ombe wa baba ikitajwa hata siku moja. Nilijua majina na rangi zao, nilijua nani mtoto wa nani. Idadi, hapana.

"Haya sasa," Mama Minza akasema.

Kabula akaongeza kwamba ng'ombe akishahesabiwa na mtu, kifo nacho kinakuja kuhakiki. Hilo sikulikubali, na nikasema. Mama Minza hakubishana. Alisema tu kwamba mara ya mwisho aliyefika pale na daftari alihesabu, akaandika, akanywa maziwa, akaaga vizuri, na baada ya hapo watu wakaambiwa waondoe mifugo. Hilo nililikubali, maana lina ushahidi.

"Mtu haulizwi kwa idadi," akasema. "Anaulizwa kwa rangi. Ng'ombe wake wa mbele yukoje?"

Nikakumbuka maneno ya mchuuzi. "Dume jeusi. Pembe moja imeshuka mpaka karibu na jicho."

"Eeeh! Yule wa pembe jichoni!" Kabula akapiga makofi. "Si ungesema! Alikuwa hapa leo."

"Nani?"

"Huyo kaka yako. Saa tisa. Alinunua dawa ya kupe pale dukani, akarudi bondeni. Wewe ulikuwa umekaa kule shuleni unaandika."

Kutoka lile duka mpaka lile darasa ni kama hatua mia mbili.

"Na kesho wanahama," Mama Minza akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nyasi za bondeni zimekwisha. Tukiondoka alfajiri kwa njia yetu ya ukutani, huenda tukawahi kabla hawajafunga safari."

Kwenye kijia

Korongo lenyewe halina jina. Wanaliita Korongo, kana kwamba duniani hakuna jingine. Unatembea kwenye mbuga tambarare, miti ya migunga na vichuguu, hakuna dalili yoyote, halafu ardhi inaisha. Mbele yako kuna hewa. Ng'ambo, kama upana wa uwanja wa mpira, ardhi inaanza tena kana kwamba haikukatwa. Chini sana kuna mstari wa kijani, na mwisho wake, mahali korongo linapofunguka, kuna weupe unaong'aa wa ziwa. Njia ya ng'ombe iko ukuta wa ng'ambo, pana, inapanda kwa kuzungukazunguka. Njia ya waenda kwa miguu iko ukuta wa huku, inashuka moja kwa moja, na mahali pengi haizidi upana wa kitanda cha hosteli.

Nilikuwa nimeshavaa begi langu mgongoni.

"Vua," Mama Minza akasema.

"Ni jepesi."

"Uzito sijauliza. Likigusa ukuta litakusukuma nje. Hapa mzigo unakaa kichwani, au unabaki."

Nikaliweka kichwani, mkono mmoja ukilishika, mwingine ukitambaa ukutani. Wao walitembea mikono mitupu, magunia yao yamekunjwa utosini, wakizungumza habari za mume wa mtu. Mimi nilikuwa nahesabu hatua ili nisifikirie. Pimbi walitutazama kutoka kwenye nyufa. Tai walikuwa wanazunguka chini yetu; sikuwahi kabla ya siku ile kuona mgongo wa tai. Upepo ulipanda kutoka bondeni na harufu ya magadi, na kila kijiwe nilichokigusa kwa mguu kilianguka kimyakimya, nikisubiri kishindo ambacho hakikuja.

"Msomi amenyamaza," Kabula akasema.

"Anakadiria," Mama Minza akajibu.

Mahali fulani mwamba umetoka nje kama tumbo, inabidi upite umeukumbatia, kisogo chako kikiwa hewani. Niligoma. Nilisimama pale, nikawaambia ukweli kwamba sioni sababu ya kutosha ya mtu kupita mahali kama pale. Mama Minza alikuwa ameshavuka. Alinitazama, akasema, "Sababu yako inahama leo." Nikapita. Sikumbuki nilivyopita.

Ndipo tukasikia kengele.

Mwanzoni nilidhani ni chini yetu. Kisha Kabula akanyoosha kidole ng'ambo. Kwenye njia ya ng'ombe, karibu usawa wetu, kundi lilikuwa linapanda: kwanza vumbi, kisha dume jeusi lenye pembe moja iliyoshuka, na nyuma yake wengine kwa mstari, mweupe, mwekundu, wa madoa, wa kijivu. Hawakusubiri asubuhi. Walikuwa wameshaanza safari. Kando ya lile dume alitembea mtu mrefu, kofia ya bluu, fimbo mabegani, mikono imening'inia kwenye fimbo. Kulwa hutembea hivyo tangu ana miaka saba.

Nikapiga kelele. Nilitaja jina lake, la baba, la mama, yote pamoja, na korongo likayavuruga, likanirudishia mvurugo. Yule mtu hakugeuka.

"Siyo hivyo," Mama Minza akasema. "Neno moja. Livute mwisho. Likifika, ndiyo utume jingine." Akaweka viganja mdomoni. "Kulwaaaa!"

Kofia ikageuka.

"Naniiii?"

"Sema sasa," akaniambia.

"Dotooo!"

Ng'ombe walikuwa wanaendelea kupita nyuma yake. Akashusha fimbo mabegani.

"Doto wa wapiii?"

"Wa tumboni mwakooo!"

Mama Minza na Kabula walicheka. Ng'ambo, yule mtu alikaa chini ghafla, kama aliyekatwa miguu, kisha akasimama tena.

"Nani amekufaaa?"

Ndugu zangu, lile swali. Miaka minne, na jambo la kwanza alilodhani linaweza kunifikisha pale ni msiba.

"Hakunaaa! Wote wazimaaa!"

"Mayuuu?"

"Mzimaaa!"

Mayu kwetu ni mama. Nikasubiri aulize la pili, la baba. Hakuuliza. Mwenzake mmoja, aliyekuwa mkiani mwa kundi, alipiga mluzi kuuliza kulikoni. Nikamwambia Kulwa asubiri, nitazunguka.

"Siku nzimaaa! Hawajanywa toka juziii!"

"Waache na mwenzakooo!"

"Simbaaa!" Akaonyesha juu kwa fimbo. Walikuwa wawili tu kwa kundi lile lote. Niliziona mbavu za wale ng'ombe hata kutoka pale nilipokuwa, nikaelewa.

Nikainua mfuko wa michembe, nikamwambia mama amemtumia.

"Kula weweee! Nitashibaaa!"

Alicheka. Kicheko chake kilifika kwa vipande. Nikavuta pumzi nimwambie neno la baba, na Mama Minza akanikamata mkono.

"La baba yako?"

"Ndiyo."

"Hilo halipigwi kelele juu ya ng'ombe, na mtu mwingine anasikia."

Nilitaka kumuuliza kwa nini. Mnanijua. Lakini niliona kwamba hata mimi singeweza. "Baba amekusamehe" ukiivuta mwisho, ukaitupa kwenye korongo, inarudi mara tatu kama tangazo la mnada. Nikatafuta lililo dogo zaidi.

"Baba amenipulizia ungaaa!"

"Ungaaa?"

"Ndiyooo!"

"Umekosa niniii?"

"Mimi sijakosaaa!"

Neno lilikwenda. Likafika. Kulwa alisimama bila kutikisika, na dume lake jeusi likasimama naye, na lile kundi lote nyuma likakwama kwenye njia, kengele zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mwenzake akapiga mluzi tena. Kulwa alivua kofia. Akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, bila haraka, akaliachia. Akageukia upande wangu, kifua wazi, mikono imeshuka, akafumba macho akasubiri upepo.

Ndipo nilipopiga picha. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuwa na ushahidi.

Sasa sikilizeni. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. Niliuhisi usoni, ulinipeperushia kilemba. Na kifuani mwangu hakukuwa na unga wowote, nilikuwa nimeshauacha kwenye bomba la Mwandoya. Yote hayo niliyajua. Nilifungua kifungo cha juu cha blauzi nikakaza kifua kuelekea kwake, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, nikapuliza mpaka nikaona nyota, na Mama Minza akanishika kiunoni nisianguke.

Kulwa alifumbua macho. Alifunga shati. Ng'ombe wakaanza tena.

"Geuka naye," Mama Minza akaniambia. "Njia unaijua sasa. Sisi tunashuka."

Nikageuka. Nilipanda kijia kile peke yangu kwa mwendo wa ng'ombe, yeye ukuta wake, mimi ukuta wangu, kwa saa nzima au zaidi. Mwanzoni tulitupiana maneno. Nilimwambia kitanda chake bado kipo. Aliniuliza kama nimeolewa, nikamwambia aache ujinga. Nikamfikishia salamu za Shija wa Fuso, ikabidi nieleze kwa maneno kumi na mawili ya kuvuta, akacheka sana. Halafu tukaacha kusema. Nikitazama chini ya miguu yangu nilimsikia, nikiinua macho nilimwona. Kwenye lile tumbo la mwamba nilipita bila kusimama, na nilipotoka upande wa pili alikuwa amesimamisha kundi zima kunisubiri.

Karibu na juu njia ya ng'ombe inaacha korongo, inaingia kwenye upenyo wa kusini. Aliwapitisha ng'ombe wote, na mwenzake. Akabaki mwenyewe mdomoni mwa ule upenyo. Aliinua fimbo. Mimi sikuwa na fimbo, nikainua mfuko wa michembe. Kisha pale alipokuwa pakabaki vumbi, na vumbi nalo likatua.

Kurudi Bariadi

Safari ya kurudi sina la kuwaambia. Nilikaa nyuma ya gari, nikala michembe.

Baba alikuwa kwenye kiti chake uani. Hakuniuliza kama safari ilikuwa nzuri. "Umemgusa?"

"Sikumgusa. Korongo lilikuwa katikati."

Nikamweleza yote kwa mpangilio, maana nilitaka asikie kutoka kwangu. Kwamba nilitaja idadi nikapoteza siku. Kwamba unga niliufuta. Kwamba Kulwa alifungua shati, na upepo ulikuwa wa kinyume. Nilisema nikiwa tayari kufokewa. Baba aliuliza rangi za ng'ombe, nikazitaja zote nilizokumbuka. Aliuliza mbavu zao. Aliuliza kama lile dume linamsikiliza Kulwa, nikasema linasimama akisimama. Kisha akauliza panga liko wapi.

Zizi letu lina milango miwili. Mkubwa ni wa baba. Mdogo, upande wa kusini, aliukata Kulwa alipokabidhiwa ndama wake wa kwanza. Siku ile ya maneno baba aliuziba kwa matawi ya miiba, na kila kiangazi ameongeza mengine juu yake. Sasa aliukokota mguu wake mpaka pale, akakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, akaanza kukata. Nilipotaka kusaidia alinipa upande wangu. Mama alitoka jikoni, mikono inadondosha maji, akasimama kututazama. Mchana pengo lilikuwa wazi, upana wa ng'ombe mmoja na mtu mmoja.

"Tufunge na nini?" nikauliza. "Bati? Mbao? Nimwite fundi?"

"Usifunge."

"Baba, ng'ombe watatoka."

"Mtu atasimama."

"Mpaka lini?"

Alikuwa anang'oa mwiba kiganjani kwa meno.

Kwa hiyo tumegawana. Mama anasimama jioni kundi linaporudi. Baba anaweka kiti chake pale mchana na kusingizia kivuli, ingawa kivuli hakipo. Asubuhi ni zamu yangu. Ng'ombe wanakuja mpaka usoni, wananipulizia pumzi zao, wananuia kupita, nami nawaambia siyo ninyi. Mmeuliza pia kwa nini sionekani tena mjini kwenye chai. Nipo. Nimesimama mlangoni kwa Kulwa, uso kusini, na ninyi mnaoweza kusimama saa mbili bila kuuliza maswali, njooni mnipokee zamu.